Mama Beatha na Moto wa Mista Naftali

Ukitaka kumjua Mama Beatha usimuulize mwenyewe. Atakwambia yeye ni mpishi tu, basi, kisha atakuuliza kama umekula. Mimi ndiye nitakayekueleza, na nitaeleza kwa hasira kidogo, maana jambo lenyewe bado limenikwama kooni.

Jina lake la ubatizo ni Generosa. Ni Mhaya wa Bukoba, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini, na akishangaa husema "waitu" halafu hunyamaza. Anakaa Thamesmead, huku London, ghorofa ya sita, pamoja na binti yake Beatha anayefanya kazi dukani Stratford. Binti huyo Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, nami humtania kwamba ulimi wake aliupangisha kwa Waingereza na kodi haleti. Mimi naitwa Faridah, mtu wa Tanga, nakaa Wembley. Tulikutana Hendon, kwenye jiko la Mista Naftali. Mama Beatha alikuwa mpishi mkuu, mimi namenya, naosha, na nasema sana.

Jiko lile lilipikia harusi na sherehe za Wayahudi. Chakula chao ni cha kosher, yaani kile dini yao inachokiruhusu, kama sisi Waislamu tulivyo na halali yetu. Jiko la namna hiyo liko chini ya baraza la marabi, na baraza ndilo linalotoa hati. Bila hati, Myahudi mshika dini hatanunua kwako hata bakuli la supu. Mama Beatha alikuwa amepika humo miaka mingi kuliko mtu yeyote, na sheria zao alizishika vizuri kuliko baadhi ya wenyewe. Nyama na maziwa havikutani, visu vya huku haviendi kule, mboga za majani zinakaguliwa jani kwa jani mdudu asije akapita. Kila alfajiri alipanda treni Abbey Wood na rozari yake mkononi, akabadilisha Farringdon, na alipofika Hendon mimi bado niko ndani ya basi la 83 nasinzia.

Mista Naftali mwenyewe ni mtu mdogo wa umbo, kofia nyeusi, miwani yenye mafuta anayoifuta kila saa kwa ncha ya shati. Kiingereza chake nakitia Kiswahili mwenyewe humu, mnisamehe nikikosea. Nimefanya kazi kwa watu wa kila dini hapa London, wakiwemo wa dini yangu, na sijaona mtu aliyeichukulia biashara namna ile. Vibarua wa siku moja aliwalipa kabla jua halijazama, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Kiangazi hakuna taabu, jua la hapa husahau kuzama. Lakini Desemba linazama watu hawajanywa hata chai ya alasiri, na utamwona anakimbia huku na huku na bahasha mkononi, kofia imekwenda upande, anamtafuta mama wa Kikongo aliyekuja kukunja vitambaa vya meza. Tulikuwa tunamcheka, lakini kwa upendo.

Siku moja nilikuwa nawasimulia wenzangu nilivyokwenda Ealing Road, nikaingia duka la vitambaa la dada mmoja wa Kihindi, Minal, nikamshushisha majora nusu ya duka, nikauliza bei ya kila kitu, nikatoka mikono mitupu. Watu wakacheka. Mista Naftali hakucheka. Akaniuliza kama nilikuwa na nia ya kununua. Nikamwambia sikuwa nayo, nilikuwa nasubiri mvua ikatike. Akasema kwao hilo ni kosa, tena si dogo. Umemtia mwenye duka tumaini huku unajua ni la bure, na hakuna atakayekushitaki, maana nia yako anaijua Mungu peke yake.

"Mista Naftali," nikamwambia, "kwetu Tanga kuuliza bei ni salamu. Usipouliza wanasema unaringa."

Akafuta miwani, akafikiri, akasema huenda ikawa hivyo, ila Ealing Road si Tanga. Tangu siku ile nikipita mbele ya duka la Minal naona haya, na nimemlaumu kwa hilo mpaka leo.

Kubwa kuliko yote kwake lilikuwa lile wanaloliita wizi wa mawazo. Yaani kumwacha mtu aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli, hata kama mdomo wako haujatamka uongo. Jioni moja mama mmoja alikuja amechelewa kuchukua mikate yake, akamshukuru sana Mista Naftali kwa kumsubiri. Mtu mwingine angesema karibu tena, mteja aende nyumbani amefurahi. Yeye akamwambia, "Sikukusubiri wewe. Nasubiri gari la unga." Yule mama akaondoka amenuna. Nikamuuliza Mista Naftali amepata faida gani. Akasema shukrani ile haikuwa yake, na kama angeichukua angekuwa mwizi.

Mama Beatha aliyapenda mambo haya. Aliyabeba mpaka Thamesmead kwenye jumuiya yao ya Kikatoliki, akawaambia wenzake kwamba bosi wake Myahudi anawashinda. Alimheshimu yule mtu. Nalisema hili wazi, kwa sababu bila kulijua hutaelewa kwa nini aliumia vile.

Sasa njoo kwenye moto. Katika jiko lao mtu asiye Myahudi anaweza kukata, kuunga, kukoroga na kuonja, lakini moto wa kupikia hauwashi. Moto lazima uwashwe na Myahudi. Ndiyo kazi mojawapo ya msimamizi anayekubalika na baraza, na msimamizi wetu alikuwa mtu wa makamo jina lake Elazar. Elazar alitakiwa awepo jikoni tangu moto unapowashwa mpaka chakula kinapotoka. Lakini tangu majira ya baridi alikuwa anafika alfajiri, anawasha oveni zote, anakagua nyama, kisha anakwenda zake Edgware kusimamia jiko la mtu mwingine, anarudi adhuhuri. Mista Naftali alijua. Yeye ndiye aliyempa ruhusa, maana gharama ya msimamizi wa siku nzima ilikuwa inamlemea, na jiko la Edgware lilikuwa likichangia. Baraza halikujua. Sisi tulidhani ndivyo inavyoruhusiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi, mwezi wa Juni. Familia ya bwana harusi ina asili ya Yemeni, watu wanaofuata mapokeo makali katika jambo hili la moto. Elazar amewasha, ameondoka. Mama Beatha ametia mabega ya kondoo katika oveni kubwa. Mimi niko pembeni na karoti zangu, namsimulia habari za harusi ya mpwa wangu Tanga iliyovunjika kwa sababu ya kamati. Akaiangalia oveni akaona giza. Moto umezimika wote, hata ule mdogo wa kuwashia, na nyama bado mbichi. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akabonyeza, akashika kiberiti cha gesi, moto ukawaka, akafunga mlango, akaniambia, "Ehe, kamati ikasemaje?"

Sikumaliza kumjibu. Nilimwona uso umembadilika.

"Faridah," akasema, "nimewasha."

"Umewasha nini?"

"Moto. Nimeuwasha mimi."

Nikatazama huku na huku. Wenzetu walikuwa nje wanapokea mboga. Nikamwambia ninyi Wahaya mnaojua kunyamaza, leo ndiyo siku ya kunyamaza. Moto ni moto, nyama haina masikio, na Mungu anajua hukukusudia. Nilisema kwa moyo mmoja na hata sasa sioni kwamba nilikuwa mjinga.

"Watu wale wanakula kwa kutuamini," akasema. "Hawawezi kuja kuangalia."

Akafungua oveni, akauzima moto, akampigia simu Mista Naftali. Nilimsikia akisema kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na kwamba Elazar hayupo.

Mista Naftali alifika mbio, uso mweupe. Wako Wayahudi ambao rabi wao angesema yaliyopita yamepita, lakini si familia ile. Akasimama mbele ya nyama muda mrefu. Halafu, na hapa nampa haki yake, akaamuru yote itolewe. Akampigia simu baba wa bwana harusi, akamwambia chakula cha moto hakitakuwepo kwa sababu kimeingia kasoro. Harusi ile ilikula samaki wa baridi, saladi, mikate na matunda, na baba wa bwana harusi alimtolea maneno ambayo sitayaandika. Mista Naftali aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Jioni akamwambia Mama Beatha apumzike nyumbani kidogo mpaka mambo yatulie, akamshukuru kwa kusema kweli. Mama Beatha akaenda zake kwa amani.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Simu haikulia. Akampigia yeye, akaambiwa asubiri. Mwisho Mista Naftali akamwambia kwa sauti ya kuvunjika kwamba baraza limepata habari za harusi ile na halitaki arudi jikoni. Mama Beatha akasema sawa, sheria ni sheria, atatafuta jiko lingine, kazi hii anaijua. Akaenda Golders Green kwa mpishi mmoja aliyekuwa siku zote akitamani kumwajiri. Yule mpishi hakumkaribisha hata kukaa.

"Wewe ndiye uliyewasha moto kwa siri?" akamuuliza.

Alikwenda kwingine, na kwingine. Kila jiko habari zilishatangulia: Generosa wa Hendon, yule Mwafrika, aliwasha moto kinyemela nyuma ya mgongo wa msimamizi, akakamatwa, akafukuzwa. Majiko ya kosher London si mengi na wote wanajuana. Alikuja kwangu Wembley, akakaa kwenye kochi na koti lake hajalivua, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Hakulilia kazi, alikuwa amekwishaanza kufagia ofisi na mikono yake haichagui. Alililia jina. "Kuwasha nimewasha," alisema. "Kuficha sikuficha. Mbona wananiita mwizi?"

Kesho yake sikushika hata karoti moja. Niliingia moja kwa moja ofisini kwa Mista Naftali, nikafunga mlango, akaniomba niufungue, nikaufungua.

"Uliwaambia nini baraza?" nikamuuliza.

Akafuta miwani. Akaniambia neno kwa neno, maana uongo hauwezi. Aliwaambia kwamba moto uliwashwa asubuhi na msimamizi. Kwamba baadaye mpishi aliwasha mwenyewe. Kwamba mpishi anaijua sheria. Kwamba sasa hayupo jikoni.

"Hukusema Elazar alikuwa Edgware."

"Hawakuuliza."

"Hukusema ni Mama Beatha mwenyewe aliyekupigia simu."

"Hawakuuliza, Faridah. Kila neno nililosema ni kweli."

Nikamwambia, "Unakataa shukrani ya mtu wa mikate kwa sababu si yako, halafu unachukua heshima ya mjane unaipeleka barazani kulipia hati yako. Kama huo si wizi wa mawazo, basi sijui ulikuwa unatufundisha nini."

Hakukasirika. Alikaa chini. Akasema jikoni mle mna watu wanane wanaokula kwa hati ile, na baraza likijua habari za msimamizi kutoka, hati itaondolewa, haitakuwa onyo tu kama lile walilompa. "Watu wanane," akasema, "na wewe ni mmoja wao." Nilijua. Kodi ya nyumba yangu ilitoka mle. Lakini nilimwambia kwamba mimi kwenye hesabu hiyo asinitie, sikumtuma.

Nikataka kwenda barazani mwenyewe. Mama Beatha akanikataza. Tuligombana naye kwa simu mpaka chaji ikaisha.

"Ukisema wewe watasema shoga yangu ananitetea," aliniambia. "Aliyelichukua jina langu ndiye alirudishe."

Kiangazi kikapita hivyo. Mama Beatha alifagia ofisi, akakonda. Beatha akamwambia mama yake, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba wamshitaki yule mtu mahakamani yaishe. Mama yake akasema mahakama itamlipa, lakini haitamwondolea neno midomoni mwa watu. Mimi nikaendelea kumenya, na nilimenya kwa chuki.

Kisha zikafika zile siku zao kuu za mwanzo wa vuli, zinazoishia kwa funga ya Siku ya Upatanisho. Jumapili moja niko Thamesmead tunakula ndizi, mlango ukagongwa. Ni Mista Naftali, peke yake, amepanda ngazi zote kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Akaomba mlango ubaki wazi, maana kwao mwanamume hajifungii ndani na wanawake wasio wake. Akakubali maji tu.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Siku ya Upatanisho inafuta makosa ya mtu na Mungu wake. Makosa ya mtu na mtu haiyafuti, mpaka umridhishe uliyemkosea."

Mama Beatha akamuuliza taratibu, "Umenikosea nini?"

"Nimewaacha watu wakufikirie vibaya."

"Wameshaambiwa kweli?"

Akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Basi bado unanikosea, Mista Naftali. Mtu haombi msamaha huku amekanyaga mguu wa mwenzake. Uondoe kwanza. Ulisema barazani, kaseme barazani."

"Nikisema, jiko linafungwa."

"Najua. Nami nitalilia jiko lile, maana nimelipikia mimi. Lakini siwezi kukwambia nimesamehe wakati sijasamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Akashuka ngazi. Nilitoka nikachungulia nikamwona amesimama ghorofa ya nne ameshika ukuta.

Mara ya pili alikuja na mkewe Rivka. Mama Beatha akajibu yaleyale, safari hii kwa machozi. Rivka nilimsindikiza mpaka chini, ni mwanamke mwema na hana hatia. Akaniambia mumewe halali usiku. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba kwao aliyekosa huenda kuomba msamaha mara tatu. Akikataliwa mara ya tatu mbele ya mashahidi, ameshatimiza wajibu wake, na lawama inabaki kwa yule aliyekataa.

Nilipanda ngazi zile kwa hasira nisizikumbuke. Yaani mtu akuibie jina, aje kugonga mlango mara tatu, halafu kosa liwe lako. Nikamweleza Mama Beatha. Akasema "waitu", akaweka mikono kwenye magoti.

"Labda nimsamehe tu, Faridah."

"Umsamehe vipi, na watu bado wanakuita mwizi?"

"Kila usiku nasali Baba Yetu. Nikifika pale pa kusamehe nakwama. Siwezi kupita, wala siwezi kuparuka. Yeye hapati usingizi, na mimi sipati."

Alikuwa anateseka kweli. Niliona kwamba yule mtu akija mara ya tatu, Mama Beatha atasamehe kwa mdomo ili tu aweze kumaliza sala yake, na jina lake litabaki lilivyo mpaka afe. Niliomba ruhusa kazini nisiwe mbali.

Alikuja asubuhi ya siku ambayo funga yao inaanza magharibi. Nyuma yake walikuwepo wanaume watatu wenye makoti meusi, mmoja mzee anahema kwa ngazi. Nikajua: ndio mashahidi wa mara ya tatu. Nilimkaribisha yule mzee kiti kwa sababu nimelelewa, lakini sikumwitikia vizuri. Mama Beatha alikaa wima, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwona amekwisha kukata shauri la kusamehe, nikataka kumshika mkono.

Mista Naftali hakukaa. Akasema, "Generosa, watu hawa nimewaambia waje kunishuhudia nikiomba msamaha. Sikuwaambia kosa. Hawa ndio wenyewe baraza."

Kisha akawageukia. Aliwaambia kwamba alipoulizwa juu ya moto alijibu nusu. "Mpishi huyu aliwasha kwa kusahau, hakuficha hata kwa dakika moja, alizima mwenyewe na kunipigia simu mwenyewe, na asingesema, hakuna mtu angejua, na harusi nzima ingekula. Niliwaacha muamini vingine kwa sababu ilinifaa."

Yule mzee akauliza, "Msimamizi alikuwa wapi?"

"Edgware."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Siku ile tu?"

"Tangu majira ya baridi."

Mmoja wa wale wengine akasema, kwa ukali, kwamba haya angeweza kuyasema ofisini, hakukuwa na haja ya kuwapandisha wazee ngazi. Mista Naftali akajibu, "Ofisini nilisema nusu, na ikamfuata huyu kila mlango aliogonga. Nusu iliyobaki nilitaka aisikie kwa masikio yake."

Mzee akatazama sakafu. Akasema, "Hati itarudi kwetu leo kabla ya funga."

"Najua."

Kisha mzee yule akainuka, akamgeukia Mama Beatha. Akasema polepole ili amwelewe, kwamba wao nao walimhukumu mtu bila kumwita wala kumuuliza, na hilo wao wenyewe wanalijua kuwa ni kosa, na wanaomba msamaha. Atawapigia simu wenye majiko, kila mmoja, yeye mwenyewe.

Mama Beatha alikuwa analia. Alisimama, kwa sababu wao walikuwa wamesimama.

"Nimewasamehe," akasema. "Nimekusamehe, Mista Naftali. Kabisa."

Mista Naftali akaitikia kwa kichwa, akatoka wa kwanza. Nami nitasema ninalolijua: nilifurahi, nikamkumbatia Mama Beatha, nikapiga kigelegele kimoja ambacho majirani wa Thamesmead hawatakisahau. Siku ile sikufikiria jambo lingine.

Jiko lilifungwa kabla ya Sikukuu yao ya Vibanda, inayofuata siku chache baada ya funga. Mista Naftali alitulipa sote mpaka siku ya mwisho, kabla jua halijazama, akawapa mkono wanaume mmoja mmoja, na sisi wanawake akatuinamia kichwa. Siku hizi anaendesha gari la mikate la shemeji yake. Nimewahi kumwona Kingsbury, gari limesimama kwenye taa, kofia imekwenda upande. Alinipungia mkono nami nikampungia.

Mama Beatha alipata kazi Golders Green, kwa yule yule mpishi aliyekataa kumkaribisha kiti. Anapika, anaheshimiwa, na moto wao anausogelea kwa tahadhari kama mtu aliyeumwa na nyoka. Sisi wengine tumetawanyika. Mama wa Kikongo amepata hoteli. Mimi mpaka sasa nabahatisha, wiki hii uwanja wa Wembley nauza soda kukiwa na mechi, wiki ijayo sina kitu, na mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa jina langu lote.

Wiki iliyopita Mama Beatha alikuja kunitembelea na chungu cha ndizi na samaki. Alivua koti, akakaa, akasaidia kukunja nguo. Tukazungumza ya Beatha, ya baridi, ya mpwa wangu ambaye sasa anaolewa kweli. Halafu akaacha kukunja.

"Faridah," akasema, "kazi yako imekwenda kwa ajili ya jina langu. Sijakuuliza. Umenisamehe?"

Nilitaka kumwambia hakuna cha kusamehe, ndivyo watu wanavyosema. Ni mimi niliyepiga kelele ofisini, ni mimi niliyepiga kigelegele. Lakini nilikuwa nimeamka alfajiri ile nahesabu senti za umeme, nikamkumbuka yeye na mshahara wake, na nilichokisikia moyoni hakikuwa kizuri. Na yeye alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Bado, Mama Beatha," nikamwambia. "Lakini kaa, chai inachemka."